Mwaka wa Kusalimiana kwa Mlango

Tulipomzika Bibi Holo mwezi uliopita kule Segese, kulikuwa na mwanamume mmoja aliyelia mpaka watu wakaanza kuulizana. Alikuwa amekaa chini kabisa, kwenye udongo uliotoka kaburini, suruali yake nzuri imechafuka, na hakujali nani anamtazama. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu, mgeni bila shaka, akamnong'oneza mwenzake, "Yule ndiye kitinda mimba wake?" Mwenzake akamjibu, "Yule ni mkwe." Yule mama akasema, "Mkwe gani analia hivyo?" Nilitamani kugeuka nimweleze, lakini habari yenyewe ni ndefu, na makaburini si mahali pa kuelezana mambo ya kompyuta. Nikajifuta pua, nikaendelea kuimba na wenzangu. Sasa nimerudi Mwanza kwenye karakana yangu ya magari ya umeme, na tangu nirudi sijafanya kazi yoyote ya maana. Nafungua boneti, nasahau nilitaka nini. Mawazo yangu yote yapo kwenye ule mwaka mmoja niliokaa kwao. Sijazeeka, msinifikirie hivyo, ila vijana wa karakana wameshaanza kuniamkia shikamoo bila kuambiwa, na nimeona niandike mapema kabla sijaanza kuyapamba.

Ya kwetu nayaruka. Kila mtu ana kwao, na kwetu hakuna jipya. Itoshe kusema kwamba kazi yangu ya mitandao mgodini ilikwisha pamoja na mkataba wa waliotuajiri, nikarudi Kahama mjini na cheti changu, nikapewa meza ya kutengenezea simu ndani ya duka la mtu pale Nyasubi. Meza ilikuwa mlangoni, kati ya muuza vocha na muuza mitumba, na kutwa nzima nilisikiliza spika za matangazo zikishindana kupiga kelele. Nilikuwa na hasira na dunia nzima. Mteja akiniuliza simu yake itapona lini, namjibu, "Iulize yenyewe." Ndipo akaja Baba Minza. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, fundi umeme aliyekuwa amemaliza utumishi wake mgodini, na alitembea ameinama kidogo kama mtu anayeogopa kugonga kichwa. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasimama palepale bila kutoa simu yoyote. "Binti," akasema, "nina gari linaongea Kijapani."

Nilidhani ananitania. Akanitoa nje, akanionyesha. Lilikuwa gari dogo la umeme, rangi ya maziwa, lililotumika Japani kabla halijapanda meli, na kweli ukiliwasha mwanamke fulani ndani yake anakusalimia kwa Kijapani, kwa adabu sana, asijibiwe na mtu. Baba Minza alikuwa na sola nyingi nyumbani alizozifunga kwa mikono yake, na gari alilichaji kwa jua. Shida yake ilikuwa nyingine. Gari lile lilijengwa liweze kuulizwa habari zake kwa simu, lina chaji kiasi gani, liko wapi, milango imefungwa au la, na liweze kupokea amri, washa ubaridi, funga, piga honi. Lakini huduma hiyo ya kiwandani haikufika kwetu. Lenyewe lilikuwa bado linatafuta mtandao wa Japani katikati ya vumbi la Kahama. "Nataka niliulize nikiwa nyumbani lijibu," akasema. "Na nikilituma, litumike." Nikamuuliza kwa nini asipande tu mwenyewe akaziona hizo habari kwenye dashibodi. Akatazama viatu vyake. "Atakayekuwa ndani ni mama mkwe wangu," akasema.

Kama wewe ni mtu wa huku, hapo umeshaelewa. Kama si wa huku, ni hivi: katika ukoo wa mkewe, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja wala gari moja, hawatajani majina, na likiwepo neno la lazima linapitia kwa mtu wa tatu. Hata kwa simu, sauti ni sauti. Hakuna ugomvi wowote hapo. Ni heshima, na kadiri unavyomheshimu mtu ndivyo unavyozidi kumpisha njia. Baba Minza alikuwa ameishi na binti wa Bibi Holo zaidi ya miaka ishirini na hakuwahi hata siku moja kumwamkia. Bibi alipougua figo, walimhamishia Segese, wakamjengea nyumba ya vyumba viwili upande wa pili wa ua wa minyaa, yenye njia yake na choo chake, ili wasigongane. Mara mbili kwa wiki ilibidi apelekwe hospitali Kahama kusafishwa damu. Mama Minza, mkewe, alijifunza kuendesha gari akiwa mtu mzima kwa sababu hiyo tu. Lakini betri ya lile gari ilikuwa imechoka. Kwenda na kurudi iliweza, ila ubaridi ukiwashwa sana inaanza kuyumba, na Bibi akitoka kusafishwa damu hawezi joto hata kidogo. Mara moja alizirai njiani, gari likiwa limebaki na chaji ya kusuasua, malori ya mgodi yakiwapita kwa kishindo. Siku hiyo Baba Minza alikuwa nyumbani, hajui lolote. Hilo ndilo lililomleta kwangu. Alitaka asimwue mama mkwe kwa kumheshimu.

Nilihamia kwao. Nilijiambia nakwenda kwa wiki chache, nikakaa mwaka. Nililala kwa Bibi Holo, chumba cha pili, na kazi nikaifanyia kwa Baba Minza, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa na ruhusa ya kuvuka ua wa minyaa wakati wowote, mimi na Mama Minza. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, magunia ya karanga, na dirisha dogo lililotazama jikoni. Asubuhi nilipata uji wa ulezi, mchana michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, jioni ugali na mlenda au maziwa mgando, na Bibi, ambaye hospitali walimkataza nusu ya vyakula vyote, alikaa kunitazama nikila na kunihimiza kwa niaba yake. "Kula na cha kwangu," alisema. Alikuwa mwembamba, macho makali, mcheshi kupita kiasi. Yeye ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akimjibu yule mwanamke wa Kijapani. Gari likiwashwa, sauti ikisalimia, Bibi kutoka kiti cha nyuma anaitikia, "Mwangaluka, mama, mhola duhu," salama tupu, kisha anamuuliza habari za nyumbani kwake. Mama Minza akicheka, anamwambia, "Cheka tu. Umefundishwa na nani kusalimiwa ukanyamaza?"

Kazi yenyewe nitaieleza kwa kifupi. Chini ya usukani nilichomeka kidude chenye laini ya simu, kinachosikiliza gari linavyozungumza ndani kwa ndani. Kidude kikahitaji mtu wa kumpelekea habari, na huyo ndiye seva, kompyuta ndogo isiyozidi kitabu cha sala kwa ukubwa, ambayo ingekaa macho muda wote ikipokea na kujibu. Ningeweza kukodi nafasi kwenye kompyuta za watu huko Ulaya, wengi hufanya hivyo, na ningemaliza kwa siku moja. Nikamshauri hivyo Baba Minza. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Anakokwenda mama mkwe wangu, saa anayotoka, mlango anaofungua, vilale kwa watu nisiowajua?" akasema. "Hapana, binti. Vilale humu humu ndani." Basi vikalala humu humu, kwenye kabati la vyombo sebuleni, rafu ya juu, pembeni ya vikombe vya wageni, vikitumia betri moja kubwa ya sola iliyokaa chini ya kabati imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Juu ya hiyo seva nikaandika kile tunachokiita API, na niliwaeleza kwamba hilo ni dirisha la kuhudumia: ukija na swali lililopangwa unapewa jibu, ukija na amri na ufunguo wako wa siri inapelekwa, na usiye na ufunguo hufunguliwi. Bibi alipoelezwa akasema kumbe ni mtumishi mwenye adabu. Nimesoma vitabu vya kazi hii tangu wakati ule na sijakuta maelezo mazuri kuliko hayo.

Jioni moja nilikuwa nimeinama nyuma ya kabati nafunga waya, nao wamekaa kibarazani hawajui kama nasikia. Baba Minza alikuwa na wasiwasi. "Mama Minza," akasema taratibu, "kumwona mtu kwenye kioo cha simu, si ni kumwona?" Mkewe akafikiri. "Utaona gari, hutamwona mama." "Nitaona amekaa. Yule binti anasema kiti kinajua kama kimekaliwa." Nasikia wanapepeta kitu, nadhani mchele. "Hicho sasa," akasema Mama Minza, "hicho kweli si kizuri." Kesho yake Baba Minza akanijia akiwa na haya usoni na kuniomba niondoe habari za kiti kwenye majibu ya dirisha langu. Chaji sawa, mahali gari lilipo sawa, joto la ndani sawa, milango sawa kwa sababu mlango ni wa gari. Kiti hapana. Nikaondoa. Nilipokuwa chuo tulifundishwa kwamba habari zinavyozidi kuwa nyingi ndivyo mfumo unavyokuwa bora, na pale kwa mara ya kwanza nikafuta kitu kinachofanya kazi vizuri kabisa, kwa sababu ya adabu, na nikaona kwamba ni sahihi. Leo wateja wangu wanashangaa ninapowauliza ni nini wasingependa kukijua. Hawajui nilikojifunzia swali hilo.

Siku ya kwanza ya kujaribu, Mama Minza alilizungusha gari mpaka mlangoni kwa Bibi na kuliacha juani kwa makusudi. Mimi nilikaa na Baba Minza sebuleni, simu yake mkononi. Nikampa ishara. Akabonyeza kitufe cha ubaridi kwa kidole kimoja, polepole, halafu akakiondoa kidole haraka kana kwamba kimeungua. Upande wa pili wa minyaa, feni ya gari ikaanza kuvuma peke yake. Tukamsikia Bibi akishtuka, "Gashi! Kumbe limefufuka!" na Mama Minza akimwambia, "Ni mkweo, mama. Amekuwashia ubaridi usiteseke." Bibi alipoingia garini, kioo cha simu kikaonyesha mlango wa nyuma umefungwa. Halafu umefunguliwa. Umefungwa. Umefunguliwa tena, umefungwa tena. Baba Minza akanigeukia amekunja uso wa ufundi. "Kitasa kimeharibika," akasema. Akampigia mkewe simu: "Huo mlango una nini?" Nilimsikia Mama Minza akijibu, sauti yake si ya kawaida. "Hauna kitu. Ni mama anaitikia. Amesema nikwambie umemsalimia na yeye amesikia." Baba Minza akaweka simu mezani, akatoka nje, akaenda kusimama zizini na ng'ombe wake kwa muda mrefu. Mimi nilibaki nimekaa na vikombe vya wageni, najifuta machozi. Nilikuwa nimetengeneza simu mamia kwa mamia, na hakuna hata moja iliyowahi kunifanya nilie.

Basi wakaanza. Nyinyi mnaojua salamu za Wasukuma mnajua kwamba haziishii kwenye kusalimiana. Utaulizwa nyumbani, utaulizwa ng'ombe, utaulizwa mvua, utaulizwa watoto mmoja mmoja, na kila swali lina jibu lake, na aliyejibu naye anauliza. Baba Minza aliwasha ubaridi, Bibi akajibu kwa mlango. Baba Minza akawasha taa kuuliza ameamkaje, Bibi akajibu kwa mlango. Honi moja fupi ikawa ni kuuliza kama dawa imekaa vizuri tumboni, na Bibi alibuni jibu la hapana, mlango mmoja uliobamizwa. Hata siku zisizo za hospitali, gari likiwa limeegeshwa kwake, Bibi aliniambia nimtoe nje, akaingia garini na kukaa, amejifunga kitenge chake kizuri, anasubiri kusalimiwa. Mama Minza, ambaye alikuwa amebeba maneno ya hao wawili huku na huku tangu alipoolewa, mama anasema, Baba Minza anauliza, alisimama kwenye pengo la ua akishika kiuno. "Nimepata likizo," aliniambia. Alisema kwa mzaha, lakini nilimwona akiwatazama kwa namna ambayo mimi, kwa ujana wangu, sikuielewa.

Lakini gari nalo linahitaji kulala. Hapa nieleze kitu kimoja, kwa sababu ndicho kilichotuangusha. Gari la umeme lina betri mbili. Kubwa iko chini ya sakafu, hiyo ndiyo inayosukuma magurudumu. Ndogo ni ya kawaida tu kama ya gari lolote, na kazi yake ni kuliamsha gari: kufungua vitasa, kuwasha kompyuta zake, kuita ile kubwa. Ndogo ikifa, kubwa hata ikiwa imejaa hakuna anayeiita, na gari linakuwa jiwe. Ukiegesha, kompyuta za gari husinzia ili ndogo isimalizike. Na kila unapoliuliza swali, unaliamsha. Nilimweleza Baba Minza, na kama fundi umeme alielewa vizuri kuliko mimi. Nikaweka utaratibu kwamba akiuliza mara kwa mara, seva itamjibu kwa ile habari ya mwisho iliyonayo bila kulisumbua gari. Hakuchukua hata siku mbili kugundua. "Hii ni habari ya zamani," akasema akininyooshea simu. "Nataka ya sasa." Nikamwambia tofauti ni ndogo. "Binti," akasema, "wewe ukimuuliza mgonjwa wako ameamkaje, utakubali kujibiwa ameamkaje jana?" Nikamwekea kitufe cha habari ya sasa hivi. Nilimwonya akitumie kwa kiasi, naye akaahidi, na nina hakika kwamba alipoahidi alikuwa anamaanisha. Ila Bibi alikuwa anadhoofika. Miguu ilianza kuvimba, siku nyingine anashindwa hata michembe ya kulamba. Mtu akizidi kuumwa, salamu zinazidi, ndivyo tulivyolelewa.

Ilikuwa Oktoba, kabla ya mvua, joto la kukausha mate. Mama Minza na Bibi walikuwa wameondoka asubuhi kwenda hospitali, na gari likaegeshwa pale uwanjani juani kama kawaida. Nilikuwa nafua. Baba Minza alikuwa sebuleni na simu yake, na kila nilipopita nilimwona akibonyeza: limefika? Limepoa? Milango imefungwa? Liko palepale? Hakuna mtu ndani ya gari, Bibi yuko kitandani amefungwa mipira ya damu, na bado anauliza. Nikamwambia, "Baba Minza, liache lilale." "Mara moja tu," akasema. Mchana, saa waliyozoea kutoka, akabonyeza ubaridi ili mama mkwe akute gari limepoa. Hakikujibu kitu. Akauliza gari lilipo. Kimya. Akampigia mkewe, simu inaita mpaka inakatika, mara ya pili, mara ya tatu. Nikaja na mikono yenye povu, nikaangalia seva: nzima. Mtandao: mzima. Upande wa gari ndio haukuwepo kabisa. Nilijua ni betri ndogo, nilikuwa karibu na hakika, nikamwambia. Lakini uso wake ulikuwa umeshakwenda barabarani kwenye malori. "Na simu je?" akaniuliza. "Simu nayo ni betri ndogo?"

Alivyofanya baadaye nilishindwa kuamini. Alipiga magoti mbele ya kabati, akavua kile kitambaa cha kudarizi, akazing'oa waya za betri ya sola kwa mkono. Taa ya seva ikazima. Dirisha langu la kuhudumia, kazi yangu ya mwaka mzima, likafungwa mbele ya macho yangu, na sikulionea uchungu hata kidogo. Akaazima pikipiki ya jirani, betri tukaiweka katikati yetu, nikaikumbatia na waya za kushtulia shingoni, tukaondoka. Kila tulipoona lori limesimama pembeni, nilihisi mgongo wake ukikakamaa mpaka tulipite na kuona kwamba halikugongana na kitu.

Walikuwa wazima. Gari lilikuwa palepale uwanjani, jiwe kabisa. Simu ya Mama Minza ilikuwa ndani, kwenye kiti, inaonekana kioo kikimulika jina la mumewe, na milango haifunguki; na nani siku hizi anakumbuka namba ya mtu kichwani? Alikuwa amekwenda barabarani kutafuta taksi. Bibi Holo alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la baraza la hospitali, kitenge kichwani, amepauka midomo. Baba Minza alipomwona alisimamisha pikipiki mbali, akashuka, akampa mgongo mara moja. Alikwenda mpaka kwenye gari kwa kuzungukia nyuma yake, kichwa chini. Mimi nikachomoa ule ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti ya akiba tuliyoibeba kutoka nyumbani, ambao nilikuwa nimesahau kumwonyesha mtu yeyote, nikafungua mlango wa dereva na kuvuta boneti. Yeye akashika waya. Alizigusisha kwa haraka hata cheche zikaruka. Kisha gari likaamka, dashibodi ikawaka yote, na Bibi aliposikia akajiinua.

Alijiinua mapema mno. Alishika nguzo ya baraza, miguu haikumtii, akaanza kuserereka. Nesi alikuwa ameingia ndani. Mimi nilikuwa nyuma ya usukani. Aliyekuwa karibu ni Baba Minza, hatua chache tu, naye alipiga moja akasimama. Mikono yake ilikuwa imenyooshwa mbele, haiendi wala hairudi, na machoni mwake niliona hofu ambayo sijaiona kwa mwanamume mzima kabla wala baada ya hapo. Bibi akamtazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni. "Masunga," akamwita kwa jina lake. "Unaniona naanguka, na wewe umesimama hapo unaniheshimu?" Akahema. "Njoo unishike, mwanangu. Mkubwa hapa ni mimi, na mimi nimeuondoa mwiko huu. Mbuzi wa kuutakasa tutamchinja tukifika nyumbani."

Akaenda. Alimdaka kwapani kwa mikono yake yenye masizi ya betri, akamwegemeza kifuani, na kilemba cha Bibi kikaanguka wala hakuna aliyekiokota. "Shikamoo, mama," akasema. Akarudia. "Shikamoo, mama." "Marahaba," akasema Bibi. "Sasa endelea. Nisalimie mpaka mwisho, mkono wangu umechoka na mlango."

Waliondoka na gari, Baba Minza anaendesha, Bibi amelazwa kiti cha mbele, na Mama Minza, ambaye alirudi na dereva wa taksi na kukuta mambo yameshaharibika kwa uzuri, nyuma yao. Mimi nikarudi na pikipiki, nikila vumbi lao. Kupitia kioo cha nyuma niliona mkono wa Baba Minza ukiacha usukani, ukieleza kitu, ukirudi, ukiacha tena. Nilipofika nyumbani gari lilikuwa limesimama katikati ya uwanja, ubaridi unavuma, na wale wawili bado wamo ndani wanaongea. Hawakuwa wameona hata kwamba wamefika. Nikaelekea kwenye buti kuchukua betri tuliyoipakia humo nikaiwashe seva. Mama Minza akaniita kutoka mlango wa jikoni. "Unakwenda wapi wewe?" "Kuchukua betri. Kule ndani kumezima." "Waache," akasema. Nikamwendea. Kutoka pale tulisikia vipande vipande: Minza alipozaliwa, mwaka wa ukame, ule mkaja wa mahari uliocheleweshwa na nani hasa aliuchelewesha, na Bibi akicheka kwa sauti nyembamba. Mama Minza alisimama akisikiliza, mwiko mkononi. Yote hayo aliwahi kuyapeleka yeye, neno kwa neno, huku na huku. Taratibu akakaa chini kwenye kizingiti, akauweka mwiko pembeni. "Kabula mdogo wangu," akasema, "leo sijatumwa na mtu," na akaanza kulia kama aliyetuliwa mzigo kichwani. Nikakaa naye, bega kwa bega. Ugali ukatuungulia jikoni, tukausikia harufu, na hakuna aliyeinuka.